Analalia Pumba

“Mama Marcelino, hivi mtu akisemwa analalia pumba, ndiyo kafanyaje?”

Aliyeuliza ni Mama Tadeo, jirani wa mlango wa pili pale Kihesa, anayefuata mchele Rujewa na kuja kuuuza Iringa mjini. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu bado umekalia mabati. Mama Tadeo alisimama mlangoni na kitenge amejitanda mpaka kidevuni, hataki kuingia, wala hataki kuondoka. Mwenye nyumba, Verediana, alikuwa kwenye mashine yake ya kufumia, anafuma sweta ya shule, ya kijani. Mkono ukasimama katikati ya mstari.

“Nani huyo anayelalia pumba?”

“Aa, nimeuliza tu.”

“Mama Tadeo.”

“Haya basi. Ni Marcelino.” Akavuta pumzi. “Juzi nilikuwa pale mashineni wanakokoboa mpunga, nikawauliza wale vijana wa kubeba magunia, jamani, Marcelino wa Iringa yuko wapi, mama yake anamtafuta. Wakaangaliana, wakacheka. Mmoja akasema, ‘Mase? Mase siku hizi analalia pumba, mama. Mwache.’ Nikauliza ndiyo nini, wakazidi kucheka. Na gari nayo inapiga honi.”

“Ulimwona kwa macho?”

“Sikumwona, dada. Ningekuficha?”

Alipoondoka, Verediana alirudia kufuma, akakuta ameruka vitanzi, sweta imetoboka kifuani. Akaifumua yote.

Huyu Verediana ni mtu wa kawaida kabisa, ukimpita njiani hutageuka. Alizaliwa Kilolo, akasoma mpaka la saba, masista wakamfundisha kufuma. Akaolewa na Danieli, fundi mwashi. Danieli alikuwa na mkono mzuri kwa makaburi. Nusu ya Kihesa, ukienda kuwasha mshumaa kwa marehemu wako, utaukalisha juu ya kazi ya Danieli, simenti imelainishwa kama uji wa mtoto, msalaba umesimama wima bila kupinda. Alipokufa yeye, kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa palepale katikati ya kazi zake, na juu yake pakabaki tuta la udongo kama la viazi. Mvua ya kwanza ikalishusha. Ya pili ikaliotesha majani.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo Edmund, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya ukoo na jumuiya. Akalichukua koti la Danieli, lile la kahawia la kwendea kanisani, akamvika Marcelino, kifungua mimba.

“Koti hili ni la kaka yangu,” Edmund alisema. “Umelivaa, umevaa na kazi yake. Mtoto wa fundi ndiye atakayemjengea fundi. Nenda kahangaike, ulete simenti, baba yako asilale chini ya udongo kama mtu asiye na watu. Na usije na mikono mitupu. Tumesikilizana?”

“Tumesikilizana, baba,” Marcelino alijibu. Koti lilimpwaya mabegani.

Watu wakasema amina. Verediana naye akasema amina, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Kwetu huku neno la kuanua matanga si neno la mezani. Likishatamkwa mbele ya watu limetamkwa.

Marcelino akaenda Rujewa, msimu wa mpunga. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. “Mama, kazi ipo, mgongo tu ndio unalalamika.” Halafu simu zikawa za kuvizia. Halafu namba ikawa haipatikani. Misimu ikapita, na Verediana akajizoesha kusema, watu wakimuuliza, kwamba kijana hajambo, yuko kazini.

Sasa limekuja hili neno.

Aliliweka moyoni kama mtu aliyepewa dawa bila kuambiwa inanywewaje. Analalia pumba. Pumba alizijua, nani asiyezijua, maganda ya mpunga, huwezi kula, ng'ombe mwenyewe anazipokea kwa kununa. Na kanisani makapi hayajawahi kutajwa kwa wema. Kila yanapotajwa, moto uko karibu. Alimuuliza kwanza binti yake Eveline, anayesuka nywele saluni.

“Mama, vijana kila wiki wana neno lao,” Eveline alisema. “Mimi mwenyewe nikiumwa siku mbili nimepitwa.”

“Lakini wewe ni kijana mwenzao.”

“Kijana wa Kihesa, si wa Rujewa. Labda anakunywa pombe. Labda kapata mwanamke, kule wanawake wenye mashamba wapo.” Alipoona uso wa mama yake, akageuza. “Au kapata mali, mama! Si pumba zinauzwa? Analalia mali.”

“Angekuwa amepata mali wasingesema mwache.”

Eveline akaahidi kuuliza. Kesho yake aliuliza saluni, na kila msichana akatoa lake. Mmoja alisema ni kufungwa jela. Mwingine akasema ni kuwa mvivu. Wa tatu, wa Mafinga, akasema, “Kwetu hatusemi hivyo, hilo ni neno la wabeba mpunga, kawaulizeni wenyewe,” na huyo ndiye peke yake aliyesema kweli.

Verediana alikwenda mjini kununua nyuzi kwa mzee Kantilal. Duka hilo amelizoea tangu Danieli akiwa hai, na mzee Kantilal anamjua kwa rangi anazonunua. Alimwuliza hukohuko kwenye kaunta, wakati anampimia mabunda ya kijani.

“Pumba ya kulalia mimi sijui, mama,” mzee alisema. “Mimi najua pumba ya kuchomea tofali. Babu yangu alikuwa na mashine ya mpunga. Pumba ni kitu mbaya sana, mama. Moto yake haionekani. Juu baridi, jivu tu, unakanyaga, chini mkaa mtupu. Punda yetu iliingia mpaka tumbo. Ililia…”

“Mzee,” mkewe Indira alimkatiza kutoka nyuma ya mabunda. “Mwenzio ana mtoto huko. Unamwambia habari ya punda?”

“Ameuliza pumba.”

“Ameuliza mtoto.” Indira akatoka, akamshika Verediana mkono. “Usimsikilize, dada. Piga simu.”

“Haipatikani, mama.”

Indira akageukia rafu. Akamwekea kwenye mfuko bunda moja la rangi ya maziwa, lisilolipiwa, akasema ni la kumfumia kijana. Verediana alirudi nyumbani na punda yule kichwani. Kila alipofumba macho kusali, punda anazama.

Alifuma ile sweta ya rangi ya maziwa, akaifuma nene, mikono mirefu, shingo ya kupandisha. Na alipokuwa anaifuma Mama Tadeo akaja tena. Safari hii aliingia na kuketi.

“Nimekumbuka jambo. Yule mwenzake wa mwanzo, Mnyakyusa, Isakwisa. Walikuwa wanabeba pamoja. Nasikia aliondoka Rujewa, sasa yuko Uyole, kwenye viazi. Huyo atasema. Hana haja ya kutucheka.”

“Nitakwenda.”

“Si uende Rujewa moja kwa moja, dada? Uyole ni mbele zaidi. Unampita mtoto unakwenda kuuliza habari zake?”

Verediana aliukunja mkono wa sweta, akaukunjua. “Mtu haendi kumtazama mgonjwa hajui anaumwa nini. Nitaingia pale nicheke kumbe ni la kulia, au nilie mbele ya wenzake kumbe ni la kucheka. Nataka nilijue neno kwanza.”

Akapanda basi. Lilipofika Rujewa, watu wakashuka na kupanda, joto la Usangu likaingia dirishani na harufu ya mpunga mbichi. Yeye aligeuzia uso upande wa pili, akashika rozari, akahesabu mpaka basi likaondoka.

Uyole kulikuwa na matope na malori yamesimama mkia kwa kichwa. Isakwisa alipatikana nyuma ya lori moja, anashona midomo ya magunia ya lumbesa, yaliyojazwa mpaka yakafura, kwa sindano ndefu. Kijana mfupi, mwenye shingo nene.

“Shikamoo, mama. Nimeambiwa unanitafuta. Kama ni mambo ya polisi, mimi siyo Isakwisa, Isakwisa amekwenda Tukuyu.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake Marcelino.”

Sindano ikatulia. “Mama yake Mase?” Akapangusa gunia kwa kiganja. “Ndaga, mama, asante kuja. Kaa hapa. Kakuambia nini?”

“Hajaniambia kitu. Ni watu wamesema. Wanasema analalia pumba. Nimekuja unieleze, baba. Nimeuliza Iringa nzima.”

Isakwisa hakucheka. Aliangalia lori, akaangalia viatu vyake.

“Mama, pale mashineni asubuhi tunakaa kwenye ubao, mlangoni. Nyapara anakuja anaita, wewe, wewe, wewe. Ukiitwa unabeba. Sasa mtu akiumia, tuseme gunia limemshukia vibaya, haitwi. Hafukuzwi, hapana, hakuna wa kumfukuza. Haitwi tu. Leo haitwi, kesho haitwi. Ataona aibu kukaa ubaoni anatazamwa. Basi anazunguka nyuma, kwenye lile lima la pumba, rundo kama kilima. Kule kuna joto zuri, mashine inazitema zikiwa na moto wake, na ni laini. Analala. Wachoma matofali wakija kuchukua pumba anawajazia magunia, wanamwachia chakula. Siku zinakwenda.”

“Kwa nini asirudi kwao?”

“Ndiyo hiyo sasa, mama. Ndiyo maana yake. Kulalia pumba siyo kulala. Ni mtu ambaye kazi hana na kwao yupo mtu anamsubiri alete kitu. Njia ya kwao anaijua, uso wa kurudia ndio hana. Hata hapa Uyole siku hizi wanasema, mtoto akifeli shule anajificha kwa rafiki, analalia pumba. Wanacheka. Aliyezilalia hacheki.”

“Wewe ulizilalia?”

“Nililalia.” Akaichoma sindano kwenye gunia. “Mimi alinitoa mjomba wangu. Alikuja akanitukana mbele ya watu wote, mpaka mama yangu aliyenizaa akamgusa. Nikakasirika, nikapanda gari ili nikagombane naye vizuri nyumbani. Hasira ndiyo iliyonipa uso.”

“Mimi siwezi kumtukana.”

“Basi, mama, utapata kazi.”

Alimpa chai na kiazi cha kuchemsha, akamsindikiza mpaka kwenye basi la kurudi. Verediana alimshukuru Mungu njiani kwamba hapakuwa na jela katika neno lile, wala pombe. Alishukuru, lakini shukrani ilimkwama. Jela ina siku ya kutoka.

Pale Rujewa safari hii alishuka, akapita mlangoni pa mashine, kwenye ubao walipokaa vijana, akawaamkia. Walikuwa weupe kwa vumbi mpaka kope. “Mimi ni mama yake Mase,” akasema. “Najua yuko nyuma.” Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja aliinuka akampisha njia.

Lima lenyewe lilikuwa kubwa kuliko nyumba, rangi ya dhahabu juu, jeusi pembeni palipoungua. Marcelino alikuwa chini yake, amechuchumaa, anajaza gunia kwa mkono mmoja kwa kutumia ungo mbovu. Mkono wa pili aliubana kifuani. Bega la upande huo lilikuwa limeshuka, kama la mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Nyuma yake palikuwa na shimo dogo lililochongwa kwenye pumba, lenye umbo la mtu, na mahali pa kichwa pamewekwa koti la kahawia, limekunjwa vizuri, upande wa ndani nje ili lisichafuke.

“Marcelino.”

Aligeuka. Kwanza alitabasamu, tabasamu la utotoni, halafu likamtoka, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mama. Nani kakuonyesha huku?”

“Marahaba, mwanangu. Bega limefanyaje?”

“Linapona.”

“Tangu lini linapona?”

Akajaza ungo, akamimina guniani. Verediana alikaa kwenye pumba kando yake, joto likapanda kwenye mifupa, akaelewa jinsi mtu anavyoweza kubaki hapo. Akatoa ile sweta ya rangi ya maziwa. Marcelino aliishika, akaona ule unene wake na ile shingo, akaanza kucheka mpaka akalishika bega.

“Mama! Usangu hii? Unataka nichemke?”

“Mimi nilijua kuna baridi, dunia nzima ina baridi.”

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko kifupi. Alipoona kimekwisha akasema, “Ivae kwetu. Twende.”

“Nirudi na nini, mama?”

“Na miguu yako.”

“Miguu haikuambiwa.” Akachota pumba, akaziacha zichuruzike. “Nilikuwa nimeshaanza kukusanya, mama. Nilikuwa karibu. Gunia liliponiangukia nikasema nipone kwanza. Kisha kile nilichokusanya nikawa nakila. Sasa nikija, watu watanipeleka pale makaburini hata wasiponishika mkono. Kila nikipita wataangalia lile tuta, kisha waniangalie mimi. Na baba ndiye aliyewajengea baba zao.”

“Nani atakuangalia? Nitawaambia…”

“Hilo neno si lako, mama. Ni la baba mdogo, na watu waliitika. Na mimi niliitika.”

Alimsihi. Alisali naye, na Marcelino akasali kwa sauti ileile ya kipaimara, hajasahau hata neno. Lakini jua lilipoanza kushuka na basi la mwisho la Iringa kukaribia, alimsindikiza mpaka barabarani, akampandisha, akabaki chini amesimama na sweta ameiweka begani, lile bega bovu, kama wanavyoweka taulo. Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Wa kupungia ulikuwa umeshika mfuko wa chakula aliomletea.

Siku zilizofuata Verediana aliendelea kuokota maganda ya pumba kwenye nyuzi zake. Yalishika kwenye sufu, hayatoki kwa kupuliza. Mama Tadeo alipomuuliza, “Umelijua neno?” alijibu, “Nimelijua, dada,” akamweleza, na Mama Tadeo, mwenye mdomo wa sokoni, akakaa kimya mpaka chai ikapoa.

Kisha akaenda kwa Edmund.

Mzee alikuwa anapalilia mibuni yake michache nyuma ya nyumba. Alisikiliza yote ameegemea jembe. Verediana alipofika kwenye habari ya koti, kwamba linalaliwa limegeuzwa ndani nje, Edmund akageuka akaangalia mlima.

“Shemeji, unataka niseme nini?”

“Useme arudi. Kaburi litajengwa na atakayejaliwa. Hata mimi nitafuma.”

“Neno lile si langu peke yangu. Nililisema kwa ajili ya kaka. Watu wakaitika. Leo nikilimeza chumbani, pale nje litabaki vilevile. Mtoto akipita watu watamwambia nini? Kwamba mama yake alinibembeleza?”

“Sasa nifanyeje, shemeji? Nimwache huko aoze?”

Edmund alikwangua udongo kwenye jembe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyemzika kaka yake na hana uwezo wa kumjengea, akampa mtoto ule mzigo kwa sababu mabega yake mwenyewe yalikuwa yamechoka.

“Lilisemwa mbele ya watu,” akasema mwisho. “Liondolewe mbele ya watu. Lakini mimi siwezi kusimama, Verediana. Nitaonekana namdharau kaka. Wewe ni mke wake. Ukisimama wewe, mimi sitakupinga.”

“Mimi sijawahi kusema mbele ya watu.”

“Ndivyo ilivyo.”

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwake, na aliwaita pia watu wa ukoo waliokuwepo siku ile ya matanga. Walikuja wengi, wakajaza chumba na uwanja, wengine wakakalia magunia ya nyuzi. Edmund alikaa karibu na mlango, kofia mikononi. Walisali, wakaimba, na kiongozi akauliza kama yupo mwenye nia yake ya pekee. Kwa kawaida mtu huitaja akiwa amekaa. Verediana alisimama. Eveline akainama, akaficha uso kwa leso.

Alitazama sakafu, akashika upindo wa kitenge chake. Aliwaeleza kwamba amemwona Marcelino, kwamba ni mzima ila bega limeharibika, hatabeba tena, na kwamba analala nyuma ya mashine ya mpunga kwa kuwaogopa wao. Alisema, ninyi. Mtu mmoja akakohoa. Aliwaeleza lile neno la vijana na maana yake, polepole, kama lilivyokuwa limeelezwa kwake. Hapo wengi wakainamisha macho, kwa kuwa hapakuwa na nyumba mle isiyokuwa na mtu wake anayelalia pumba mahali.

Alimtazama Edmund. Edmund alitazama kofia yake, hakumpinga.

“Nawaomba ndugu zangu,” Verediana alisema, “lile neno la simenti tuliloitikia hapa, tulitoe leo. Nitakwenda kumwambia limetoka, sijui kama atakuja. Lakini akija, naomba asiulizwe amekuja na nini. Naomba mtu wa kwanza atakayemwona amwambie karibu, ampe maji ya kuoga.”